Argwings-Kodhek na kipimo cha ofisi ya mawakili

Kila muhula huwapa wanafunzi wangu wa isimu hapa Embu zoezi moja ambalo hawalipendi. Huwataka walete hati yoyote ya kisheria iliyotiwa sahihi na mtu wa nyumbani kwao, iwe ni mkataba wa mkopo, makubaliano ya kuuza shamba au hati ya dhamana, kisha waieleze kwa Kiswahili mbele ya wenzao kana kwamba wanamweleza nyanya. Wengi hukwama katika aya ya pili. Muhula mmoja, mwanafunzi mmoja hakuleta hati. Alileta orodha ya ofisi kubwa za mawakili za Nairobi, zilizopangwa kwa madaraja na wachapishaji wa London, yaani Chambers and Partners na The Legal 500. Alikuwa akifikiria kuacha ualimu na kusomea sheria, naye alitaka nimwambie ni ofisi ipi miongoni mwa zile iliyo bora kweli.

Sikuwa na jibu. Mimi ni mwanaisimu, si mwanasheria. Nilimwuliza tu kama anamfahamu Argwings-Kodhek. Alimfahamu kama barabara. Ni barabara ndefu yenye Hospitali ya Nairobi, inayopita Hurlingham na kuingia Kilimani, katika upande ule wa mji ambako ofisi nyingi kubwa za mawakili zimehamia baada ya kuondoka katikati ya jiji. Darasa zima halikujua zaidi ya hapo. Ndipo nilipoona kwamba swali la kijana yule linastahili kujibiwa kwa maisha ya mtu, wala si kwa orodha nyingine.

Argwings-Kodhek alizaliwa mwaka 1923 huko Gem, katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Siaya. Watu walimfahamu zaidi kwa herufi tatu za mwanzo za majina yake, C.M.G., ambazo wenyeji walizisoma kwa Kiluo hata zikabeba ndani yake jina la Gem, nchi yake. Alisoma katika shule ya wamisionari ya Yala, akaendelea Kisubi nchini Uganda, hatimaye Makerere, alikofunzwa ualimu. Naomba walimu wanaosoma safu hii walikumbuke hilo. Mwafrika wa kwanza wa Kenya kuwa wakili alianza kazi akiwa na chaki mkononi.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia alipata ufadhili wa kwenda kusoma Wales. Ufadhili huo haukuwa wa sheria. Serikali ya kikoloni ilikuwa tayari kuwasomesha Waafrika wachache wawe walimu, matabibu au maofisa wa maendeleo ya jamii, lakini haikuona sababu ya kuwasomesha wawe mawakili. Msomaji ataielewa hofu hiyo bila kuelezwa sana. Mwalimu husomesha watoto na tabibu hutibu wagonjwa, lakini wakili husimama mbele ya jaji na kuidai Serikali ieleze kwa nini imetenda ilivyotenda. Nchini Kenya kwenyewe hapakuwa na pahali pa kusomea taaluma hiyo. Chuo cha Sheria cha Kenya kilianza miaka ya mwanzo ya sitini, na kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Nairobi kikafunguliwa mwaka 1970. Aliyetaka kuwa wakili kabla ya hapo hakuwa na budi kuvuka bahari, na aliyevuka bahari alihitaji mfadhili. Argwings-Kodhek alivuka kwa ufadhili wa somo jingine, akabadilisha njia akiwa huko huko Uingereza, na mwaka 1951 akakubaliwa kuwa wakili kupitia Lincoln's Inn, London.

Aliporudi Kenya, Hali ya Hatari ikiwa inanukia, alikuwa na mke Mzungu kutoka Ireland na cheti ambacho hakuna Mwafrika mwingine nchini aliyekuwa nacho. Ndoa yake iliwaudhi walowezi, na cheti chake kiliwaudhi zaidi. Alipewa nafasi katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali kwa mshahara ambao ulikuwa theluthi moja ya ule aliolipwa Mzungu mwenye cheti kama chake na kazi kama yake. Alikataa kupimwa kwa ratili hiyo, akaondoka, akafungua ofisi yake mwenyewe.

Hapa sina budi kusimulia kidogo juu ya ofisi za mawakili za Nairobi wakati huo, maana ndizo zilizozaa ile orodha ya mwanafunzi wangu. Hamilton Harrison & Mathews huhesabu miaka yake tangu 1902, wakati reli ilikuwa imefika Ziwa Victoria juzijuzi tu. Kaplan & Stratton na Daly & Figgis nazo zilikwisha kujijengea jina katika enzi ya ukoloni. Zilikuwa ofisi za kazi kubwa: ardhi ya walowezi, mabenki, kampuni za chai na kahawa, bima na usafirishaji wa bidhaa. Sisemi hayo kwa kulaumu. Uchumi wa aina yoyote huhitaji watu wa kuandika mikataba yake, nao waliiandika kwa ustadi. Sehemu ya ustadi huo ndiyo ingali inaziwezesha baadhi ya ofisi hizo kusimama hadi leo, na hivi karibuni zingine zimeungana na ofisi za kimataifa, kama Hamilton Harrison & Mathews ilivyojiunga na Dentons. Ila mteja wa ofisi hizo hakuwa Mwafrika wa kawaida. Mwafrika aliyepatwa na kesi, kama alikuwa na senti, alikwenda kwa wakili Mhindi. Na kama hakuwa na senti, alisimama kizimbani peke yake.

Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari. Katika miaka miwili iliyofuata sheria zilibadilishwa kwa kasi ambayo mwanafunzi yeyote wa sheria anapaswa kuifahamu. Kupatikana na risasi kukawa kosa la kunyongwa. Kulisha kiapo kukawa kosa la kunyongwa. Kuandamana na mtu mwenye silaha kukawa kosa la kunyongwa. Mwaka 1953 zikaundwa mahakama maalumu za kusikiliza kesi hizo upesi. Kwa hesabu iliyochapishwa na mwanahistoria David Anderson mwaka 2005, mahakama hizo ziliwahukumu washtakiwa 2,609 hadi mwishoni mwa 1956. Kati yao 1,574 walipatikana na hatia na kuamriwa wanyongwe, na zaidi ya elfu moja walinyongwa kweli.

Hapa Embu na kule Meru hatuhitaji vitabu ili kuijua habari hiyo. Katika lugha ya Serikali tulikuwa herufi mbili za mwisho katika KEM, yaani Wakikuyu, Waembu na Wameru, makabila matatu yaliyofungwa katika neno moja ili yashukiwe kwa pamoja. Aprili 1954, katika msako mkubwa wa Nairobi, maelfu ya watu wa KEM walikusanywa na kupelekwa kizuizini. Babu yangu mzaa baba alikuwa miongoni mwa waliozuiliwa siku zile. Alitusimulia mara nyingi, nasi tukiwa watoto tulidhani ni hadithi ya kuchekesha, jinsi alivyoulizwa maswali kwa Kiingereza, mkalimani akayageuza kwa Kikikuyu cha kwao, naye akayajibu kwa Kiembu cha mlimani. Lugha hizo ni ndugu, lakini ndugu si pacha. Jibu lake moja lilirudi kwa Mzungu likiwa na maana ambayo hakuikusudia, naye akalilipia kwa miezi mingi ya kambi. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipoelewa kwamba hadithi ile haikuwa ya kuchekesha hata kidogo, na nadhani ndiyo iliyonipeleka kwenye isimu.

Katika hali hiyo ndipo Argwings-Kodhek alipopata jina la wakili wa Mau Mau. Alipewa na walowezi kama tusi, Waafrika wakalichukua kama sifa. Aliwatetea watu walioshtakiwa kwa makosa ya Mau Mau, wengi wao bila malipo. Hakuwa peke yake, na haki inanitaka niseme hivyo. Sehemu kubwa ya utetezi wa miaka ile ilibebwa na mawakili wa asili ya Kihindi, akiwemo A. R. Kapila, aliyekuwa pia katika jopo lililomtetea Jomo Kenyatta huko Kapenguria chini ya uongozi wa D. N. Pritt kutoka Uingereza. Lakini Argwings-Kodhek alikuwa ndiye Mwafrika, Mjaluo aliyewatetea watu wa mlima, wakati ambapo Serikali ilitumia nguvu nyingi kuyafanya makabila yaogopane.

Hebu turejee kwenye takwimu nilizozitaja, maana zina somo ndani yake. Katika kila washtakiwa kumi wa mahakama zile maalumu, takriban wanne waliachiliwa. Mahakama zilikuwa zimeundwa kwa haraka, sheria zilikuwa za kikatili, hofu ilitanda nchi nzima, na hata hivyo wanne katika kumi walirudi nyumbani. Kwa nini? Si kwamba majaji walikuwa na huruma. Mara nyingi ilikuwa ni kwamba mtu fulani alisimama akamwuliza shahidi alikuwa umbali gani usiku ule, mwezi ulikuwa umechomoza au la, na alimjuaje mshtakiwa katika umati wa watu mia. Shahidi wa uongo hawezi kustahimili maswali ya namna hiyo kwa muda mrefu. Kazi ya wakili, ikivuliwa joho na Kilatini, ni hiyo ya kuuliza swali ambalo mshtakiwa hajui kwamba ana haki ya kuliuliza.

Ofisi ya namna hiyo ingewekwa daraja gani katika orodha za leo? Haikuwa na washirika wengi wala matawi, na haikusimamia muungano wa kampuni mbili. Wateja wake wengi hawakuweza kulipa, na baadhi yao walikufa. Kwa kipimo cha mapato ilikuwa ofisi dhaifu. Lakini kipimo hicho hakiwahesabu walioachiliwa, wala watoto waliozaliwa kwa kuwa baba zao waliachiliwa.

Siasa ilimwita mapema. Mwaka 1955 Serikali iliruhusu vyama vya Waafrika, ila kwa sharti kwamba kila chama kiishie katika wilaya yake. Argwings-Kodhek alitaka chama cha nchi nzima. Akakataliwa, na chama chake kikawa cha Wilaya ya Nairobi pekee. Machi 1957, Waafrika walipowachagua wabunge wao kwa mara ya kwanza, alisimama Nairobi akashindwa na Tom Mboya kwa tofauti ya kura zisizofika 500. Katika uchaguzi huo mtu wa KEM hakuruhusiwa kupiga kura mpaka awe na cheti cha uaminifu kwa Serikali. Maana yake ni kwamba wengi wa wale aliowatetea mahakamani hawakuweza kumpigia kura. Huku kwetu, cheti hicho ndicho kilichoamua matokeo ya Mkoa wa Kati. Wameru waliokuwa na vyeti walikuwa wengi, Bernard Mate akamshinda Eliud Mathu, na mwaka uliofuata Jeremiah Nyagah wa Embu naye akaingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Mashindano baina ya Argwings-Kodhek na Mboya yaliwagawa wafanyakazi wa Nairobi kwa miaka kadhaa, na sidhani kwamba yeyote kati yao alikuwa bila lawama.

Uhuru ulipokuja mwaka 1963 alikuwa mbunge wa Gem. Hapa ndipo maisha yake yanaponipa taabu, nami sitaki kuwaficha wanafunzi taabu hiyo. Mwaka 1966 Oginga Odinga alijitoa KANU na kuunda chama cha KPU, na Serikali ikarudisha sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila kesi. Waliotiwa ndani chini ya sheria hiyo hawakupata wakili wa kumwuliza shahidi kama mwezi ulikuwa umechomoza, kwa sababu hapakuwa na shahidi wala mahakama. Mtu aliyejenga jina lake kwa kupigana na uwezo huo wa dola alibaki KANU, akapanda hadi kuwa Waziri wa Nchi mwenye kushughulikia mambo ya nje. Watetezi wake watasema kwamba alikuwa na sababu za chama na za wakati ule, na huenda ni kweli. Lakini mimi naona hapo fundisho gumu kwa kila anayeitamani taaluma hiyo. Ni rahisi zaidi kuona dhuluma ya serikali usiyokaa nayo meza moja. Wakili wa kampuni kubwa, akiwa ameketi na mteja tajiri, na waziri, akiwa ameketi na Rais, wote wawili hukabiliwa na jaribu lile lile.

Alifariki Januari 1969, usiku, gari lake lilipopata ajali katika Barabara ya Hurlingham. Taarifa rasmi ilikuwa ajali ya barabarani. Uvumi wa mambo mengine ulianza mara moja na haujakoma mpaka leo, wala safu hii si mahali pa kuuongeza. Mwezi Mei mwaka ule watu wa Gem walimchagua mtu wa KPU kukishika kiti chake. Mwezi Julai mshindani wake wa zamani, Mboya, naye aliuawa kwa risasi jijini Nairobi. Barabara ile ya Hurlingham ikapewa jina la Argwings-Kodhek. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na mitano hivi, karibu sawa na wangu ninapoandika haya.

Sasa nirudi kwa mwanafunzi wangu na orodha yake. Katika Kiswahili tuna neno wakili, tulilolipata kutoka Kiarabu, nalo maana yake ni mtu aliyekabidhiwa jambo la mwenzake. Tuna pia neno kampuni, tulilolipata kutoka Kiingereza, nalo linahusu watu walioungana ili wapate faida. Tunaposema kampuni ya mawakili tunayafunga maneno hayo mawili kwa kamba moja, na mara nyingi moja humvuta mwenzake. Sidai kwamba faida ni dhambi. Mabwawa ya Mto Tana yanayotupa umeme, tangu Kindaruma hadi Kiambere, yasingejengwa bila mikataba mikubwa, na mikataba mikubwa huandikwa na ofisi kubwa. Wachapishaji wa London wanapozipanga ofisi hizo huwauliza wateja na mawakili wenzao, nao hupata majibu ya kweli kuhusu ujuzi, kasi na uaminifu kwa aliyelipa. Kasoro ni kwamba hawamwulizi yule aliyekuwa upande wa pili wa meza.

Mama yangu aliwahi kuwa upande huo. Alitia kidole gumba kwenye dhamana ya mkopo wa jamaa yetu, hati ya kurasa kumi na moja za Kiingereza iliyotayarishwa na ofisi ya mawakili ambayo sitaitaja. Hati haikuwa na kosa hata moja la kisheria. Niliisoma baadaye, nikiwa na shahada ya uzamifu, mara tatu, kabla sijaelewa kwamba shamba lake la kahawa lilikuwa limewekwa rehani si kwa mkopo ule tu bali kwa deni lolote ambalo jamaa yule angekopa baadaye kwa mkopeshaji yule yule. Hakuna aliyemdanganya. Hakuna pia aliyemweleza. Tulilikomboa shamba baada ya miaka sita, na ada ya shule ya wadogo zangu wawili ilipotelea humo.

Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na inampa mshtakiwa haki ya mkalimani bila malipo iwapo haelewi lugha ya kesi. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 iliweka utaratibu wa kuwasaidia wasio na uwezo wa kumlipa wakili. Kituo cha Sheria kimekuwa kikifanya kazi hiyo tangu 1973. Hizo ni hatua ambazo babu yangu hakuziota. Lakini haki ya mkalimani inamngoja mtu mahakamani, na watu wengi wa mashambani hupoteza mali yao kabla hawajafika mahakamani, mezani, kalamu ikiwa mkononi, kwa lugha wasiyoielewa.

Kwa hiyo jibu langu kwa kijana yule, na kwa wengine wanaomfanana, ni hili. Asome sheria, na akipata nafasi katika ofisi kubwa aichukue bila haya, ajifunze ustadi wake wote. Kisha, kila anapoandaa hati, ajiulize kama angeweza kuieleza kwa Kiswahili kwa mtu atakayeitia kidole gumba. Akiweza, aieleze. Asipoweza, basi bado hajaielewa yeye mwenyewe, hata kama mteja wake amelipa na daraja la ofisi yake liko juu. Walimu wa Kiswahili nao wana sehemu yao. Insha za pikiniki tumeziandikisha vya kutosha, na hakuna kinachotuzuia kumpa mtoto wa kidato cha tatu hati ya mauzo ya shamba aifafanue.

Mwanafunzi wangu aliikunja orodha yake na kuitia mfukoni. Wiki iliyofuata alileta hati kama wenzake, makubaliano ya baba yake ya kukodisha shamba. Alikwama katika aya ya pili, akaomba apewe muda, akaenda nyumbani mwisho wa juma kumwuliza baba yake alielewa nini alipotia sahihi.

Alirudi Jumatatu na jibu. Baba yake alidhani amekodisha kwa miaka mitatu. Hati ilisema kumi na mitatu.